Kadi Nyekundu na Beseni la Kambo

Beseni bado lipo. Ni la plastiki, la buluu, lina ufa mdogo ukingoni, na siku ya matanga ya bibi yangu, Kambo, nilikuta Maman amelijaza pondu, kisamvu chetu, akalifunika kwa sinia na kulisukuma chini ya meza ya jikoni kama chombo kingine chochote. Sebuleni watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Tulikuwa tumelia vya kutosha asubuhi, sasa ilikuwa zamu ya vicheko, na Tonton Félicien, kaka yake Maman, alikuwa ameanza hadithi yake ile.

"Maman wetu huyu!" alisema, akimaanisha Kambo. "Technicien anaweka carte rouge, danger de mort, yeye anazani ni mapambo. Anaitosha! Anawasha moto! Paf, pompiers hawa hapa!"

Watu wakacheka, hata mchungaji. Katika ukoo wetu hadithi hii ni kama kitambulisho cha Kambo. Asiyejua alizaliwa wapi anajua kwamba ni yule bibi aliyeng'oa kadi ya fundi, nusura aue watu Brussels, mpaka wazima moto wakaitwa. Nimeisikia mara nyingi, na kila mara nimetabasamu pale panapotakiwa tabasamu, kwa sababu mimi ni mwoga na nimekuwa mwoga kwa muda mrefu. Siku ile tabasamu liligoma. Niliweka trei ya vikombe dirishani, nikaingia jikoni, nikaliona beseni.

Kambo, ndivyo tunavyowaita bibi zetu kule Katanga, alitoka Likasi kuja Saint-Gilles, hapa Brussels, kwa kazi moja tu: kumwogesha mtoto. Kwetu binti akikaribia kuzaa mama yake huja, awe anatoka mtaa wa pili au bara la pili. Mtoto mchanga haogeshwi na mtu yeyote tu. Ni bibi anayekaa chini, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja yake na kumkanda kwa maji ya moto, akimvuta mikono na kumkunja magoti mpaka apige kelele kisha alale usingizi wa pono. Mimi niliogeshwa hivyo na Kambo huko Likasi. Sasa nilikuwa na miaka tisa, tumbo la Maman lilikuwa limeanza kugusa meza tukila, na Kambo alifika katikati ya baridi kali akiwa amevaa ndala na soksi.

Jumamosi yake ya kwanza tulimpeleka madukani karibu na Porte de Namur. Maman alitaka kumnunulia koti. Kambo alitaka beseni. Aliyagonga mabeseni kumi kwa kucha kabla ya kuchagua lile la buluu, halafu akalibeba kichwani, ndani ya metro, bila kulishika. Watu walimtazama, naye akawatazama vilevile. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka, na nilijisikia fahari vilevile, vyote viwili kwa wakati mmoja. Usiku ule nilihamishiwa kwenye kitanda kimoja naye, nikagundua kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza habari za shule yangu tangu mwanzo hadi mwisho bila kutazama saa. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Papa alifanya kazi kwa zamu kwenye ghala, Maman kwenye nyumba ya wazee, na tulikuwa tunapishana mlangoni.

Nyumba ilikuwa ya zamani, imegawanywa kwa familia nne, yenye dari za juu zilizochongwa maua. Joto lote lilipanda kwenye maua yale likabaki hukohuko. Kilichotupasha joto ni mtambo wa gesi uliotundikwa ukutani jikoni, chaudière, wenye kidirisha ambamo moto mdogo ulikuwa ukiwaka mchana kutwa. Kambo aliupenda moto ule. Aliweka kiti chake mbele yake, akafuma kofia za mtoto. Kitu kimoja tu hakukipenda: chini ukutani kulikuwa na tundu lenye wavu, na upepo uliingia humo. "Nani anaacha tundu mu ukuta wakati ya baridi?" alishangaa, akalijaza kipande cha kitenge kuukuu.

Baada ya wiki kadhaa Papa aliona ukuta juu ya mtambo umeanza kuwa mweusi, na moto uliokuwa wa buluu umekuwa wa njano. Akampigia fundi. Jumapili iliyofuata nilimsikia akimwambia Maman, wakidhani natazama televisheni, "Kama chaudière inakufa, Kambo ataenda kwa Félicien kule Etterbeek mpaka baridi ishe. Muzee hawezi kukaa mu frigo." Etterbeek ni mwendo mfupi tu wa tramu. Lakini kwangu, mtoto wa miaka tisa ambaye ndiyo kwanza nimepata mtu wa kunisikiliza, ilikuwa mbali sawa na Likasi.

Fundi alikuja Jumatano. Jumatano shule za hapa hutoa watoto mchana, kwa hiyo nilikuwepo, na wazazi hawakuwepo. Kambo alijua Kifaransa cha salamu tu. Fundi alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye plasta kidoleni. Alishusha kifaa kidogo karibu na mtambo, nacho kikaanza kulia kama kifaranga kilichopotea. Akazima kila kitu haraka, akafungua dirisha, akapiga goti kwenye tundu na kuvuta kile kipande cha kitenge. Alikitazama, akanitazama mimi, akapumua.

Kisha akachuchumaa ili macho yetu yawe sawa, akanieleza polepole. Bomba la moshi limeziba, matofali yameanguka ndani yake. Moshi unarudi nyumbani. Si moshi wa kuonekana, alisema, ni hewa ya sumu, haina rangi wala harufu. Mtu asiwashe mpaka mwenye nyumba atengeneze bomba. Tundu la kuingiza hewa lisizibwe kamwe. Kichwa kikiuma, mtu akitapika, akilegea: fungua madirisha, funga gesi, toka nje, piga 112 ukiwa nje. Akaniambia nirudie. Nikarudia yote bila kukosea, nikapata sifa. Alimpigia Papa simu, haikupokelewa, kwa sababu simu za wafanyakazi zilikuwa zinafungiwa kabatini. Akaandika karatasi ya kumpa Papa, akageuza mkono wa bomba la gesi ukakaa msalaba, akautundikia kadi nyekundu kwa waya mwembamba. "Papa wako anipigie leo," alisema. Akaondoka.

Kambo alikuwa amejikunyata mlangoni na sweta mbili.

"Amesema nini?"

Nataka kusema kwamba sikuelewa, au nilichanganyikiwa, au nilikuwa mdogo. Nimejaribu utetezi wote huo na haunitoshi. Niliangalia sweta zile mbili, nikamwona ndani ya tramu ya Etterbeek.

"Amesema iko bien," nikamjibu.

"Na ile ya nyekundu?"

"Ni ya kuonyesha kama alishafika."

"Na kitambaa yangu?"

"Unaweza kurudisha, Kambo."

Hilo la mwisho ndilo linalonitafuna zaidi. Hakuna aliyenilazimisha kulisema. Lilikuja lenyewe, kwa sababu uongo nao unataka kupangwa ukapendeza. Nikapanda kwenye stuli, nikatoa kadi, nikageuza mkono wa gesi kama nilivyomwona fundi akiugeuza, nikabonyeza kitufe na kuhesabu hadi ishirini kama Papa anavyofanya. Moto ukashika, wa njano. Kambo akapiga makofi. "Batoto ba Bulaya!" alisema. "Banajua kila kitu!"

Kadi na karatasi nilizitupa kesho yake kwenye pipa la taka la shule. Papa nilimwambia fundi amesema ni sawa, atapita tena baada ya Pasaka kusafisha. Papa aligusa radiateur, lile bomba la joto la ukutani, ilikuwa ya moto, akaridhika. Kwa nini asiridhike? Binti yake hakuwa mwongo.

Msidhani sikuogopa. Kila nikitoka shule nilisimama katikati ya jikoni na kunusa. Nilinusa pondu, sabuni, samaki wa chumvi, mafuta ya Kambo. Sikunusa kifo. Kichwani mwangu sumu ilikuwa lazima ionekane au inuke, na kama havipo basi fundi alikuwa ametia chumvi. Siku moja nilimuuliza Kambo kwa kuzungukazunguka.

"Kambo, moto inaweza kuua muntu kama hauone moshi?"

"Aa! Moshi njo inauaka," alisema, hakuinua hata macho kwenye sindano zake. "Kule kwetu unaacha makala inaiva inje. Ikisha kuwa nyekundu, moshi inaisha, njo unaingiza mbabula mu nyumba. Munalala muzuri kabisa."

Ndivyo wanavyofanya huko kwetu na jiko la makaa wakati wa baridi ya Juni, na wengine hawaamki, na majirani husema wamerogwa. Nilikuja kulielewa hilo ukubwani. Siku ile nilishukuru tu kupata shahidi.

Kambo akaanza kuumwa kichwa. Baadaye kichefuchefu, baadaye miguu mizito. Na hapa kila mtu katika familia akawa daktari. Bibi ametoka Kongo juzi, anaumwa kichwa, anatapika: ni malaria, itakuwa nini kingine? "Ameleta malaria mu damu," alisema Maman. Tonton Félicien alileta vidonge alivyokuwa ameweka akiba tangu safari yake ya mwisho Lubumbashi. Kambo akavimeza, akatapika zaidi, ikawa ushahidi kwamba malaria ilikuwa kali. Wakamwambia akae karibu na joto. Yeye akasogeza kiti karibu zaidi na mtambo.

Maman naye alianza kulalamika kichwa, wakasema ni mimba. Mimi kilinigonga kila asubuhi, sikusema. Nilikuwa namtazama Kambo akifumba macho mbele ya ule moto wa njano, na kitu fulani tumboni mwangu kilikuwa kinajua. Kujua na kusema ni vitu viwili. Kusema kungeleta tramu ya Etterbeek, halafu kungeleta swali: kadi iko wapi? Nilijiambia nitasema Jumamosi. Ikaja Jumatano.

Nilifungua mlango wa ghorofa yetu mchana, begi mgongoni. Vioo vyote vilikuwa na jasho. Niliita, hakuna jibu, maji tu yalikuwa yanatiririka. Kambo alikuwa amelala sakafuni jikoni ubavuni mwa beseni, mkono mmoja umo ndani ya maji pamoja na vinguo vya mtoto alivyokuwa anafua. Mashavu yake yalikuwa na rangi nzuri kama ya mtu aliyetoka kucheka.

Nilibana pumzi. Nikafungua dirisha. Nikageuza mkono wa gesi. Nikakimbilia ngazini, nikapiga kelele mpaka jirani wa chini, mama wa Kimoroko, akatoka na unga mikononi, nami nikamwambia kwa Kifaransa safi: piga 112, ni gesi ya sumu, usiingie. Kila alichonifundisha fundi nilikifanya, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio wake. Sikuwa nimesahau hata neno moja.

Wazima moto walimshusha Kambo amewekewa hewa usoni. Kile kifaa chao kililia tangu ngazini. Mmoja wao aliniuliza nani alinifundisha kufunga gesi. Nikasema shuleni. Akanipigapiga begani akamwambia Papa, aliyefika anahema na bado amevaa fulana ya kazini, kwamba binti yake ameokoa maisha. Jumapili kanisani mchungaji alinisimamisha mbele. Watu walipiga makofi na vigelegele. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, wakasema, angalieni anavyojua unyenyekevu.

Kambo alirudiwa na fahamu siku hiyohiyo jioni. Walimpima Maman pia, na mtoto aliye tumboni, wakasema tumepata bahati. Kesho yake Papa alikuwa amempata fundi kwa simu. Tulisimama kuzunguka kitanda cha hospitali, Papa, Maman, Tonton na mimi. Papa hakuwa na sauti ya ugomvi, alikuwa na sauti ya mtu asiyelala.

"Maman," alimwambia Kambo, "technicien anasema aliacha carte nyekundu ku chaudière. Na papier ya kunipa. Njo iko wapi?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Kambo alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, wala hata kwa mshangao. Alinitazama kama anavyotazama mishono, akitafuta ilipoachia. Nikaona wakati alipoipata.

"Ni miye niliitosha," alisema. "Nilizani ni kintu ya bure."

"Na kuwasha?"

"Ni miye. Niliona mara mingi namna unafanyaka."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nawaapia ulikuwa wazi, na pumzi ilikuwa imeshapanda. Tonton alishika kichwa akaanza, "Oh là là, Maman, huku si Likasi!" Kila mtu akaanza kusema, na mimi nikafunga mdomo.

Alienda Etterbeek. Hilo nililolikwepa kwa kuhatarisha roho yake lilitokea ndani ya wiki moja, na mtambo mpya ulipofungwa nyumbani hakurudishwa. Mdogo wangu alizaliwa mzima, mweupe pee kama walivyo wachanga, na Kambo akaja na beseni lake la buluu ambalo alikuwa amekwenda nalo kwa Tonton. Aliliweka katikati ya sebule. Akaketi chini, akanyoosha miguu, akatandika kitenge juu ya mapaja.

Maman alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani. "Non, Maman," alisema taratibu. "Asante. Ila non. Nitamuogesha miye."

Kambo alibaki ameketi na miguu imenyooka, mapaja matupu. Nilikuwa pale. Nilikuwa nimeshika taulo.

Siku moja kabla ya safari yake ya kurudi Likasi alinikuta nimejifungia bafuni kwa Tonton, nalia. Alisubiri nje ya mlango mpaka nikafungua, akaingia akakaa ukingoni mwa bafu, akanivuta katikati ya magoti yake.

"Uliogopa banitume huku?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulitaka tubaki pamoja?"

"Ndiyo, Kambo."

"Bon," alisema, akanifuta makamasi kwa upindo wa kitenge chake. "Acha kulia. Miye niko muzee, batanicheka kidogo itaisha."

Haikuisha. Alikosea hapo, maskini. Waliendelea kumcheka kwa miaka, kwa upendo, wakimpigia simu kwa kadi za kukwangua na kumuuliza leo amewasha nini, naye akacheka nao kutoka Likasi. Aliomba picha za mjukuu wake, tukamtumia. Hakumshika tena. Niliposikia amefariki, kitu cha kwanza nilichokiona kichwani si uso wake. Ni yale mapaja yenye kitenge kilichotandikwa vizuri.

Basi nilikuwa nimesimama jikoni natazama pondu, Maman alipoingia kuichukua. Nikamwambia. Nilianza kwa Kifaransa, nikasikia ninasimulia kama karani wa ofisi, nikaanza upya kwa Kiswahili. Nilimwambia kuhusu kadi, kitambaa, stuli, pipa la shule. Nilimwambia Kambo hakugusa chochote.

Maman alikaa kwenye stuli. Siyo ileile, lakini niliiona ileile.

"Yeye alijua?"

"Alijua. Tangu hospitali."

Sebuleni walikuwa wanacheka tena. Maman aliinama, akalivuta beseni kutoka chini ya meza, akapitisha kidole kwenye ule ufa wa ukingoni, akaenda nacho akarudi nacho.

"Alinilomba mara tatu," alisema. "Si ile siku tu. Alikuya chumbani, alikuya jikoni, alinilomba. Alisema, binti yangu, leta mutoto kidogo, niko namuogesha mara moja tu, weye ukisimama hapa unaniangalia. Ukisimama hapa! Na miye nilimukatalia."

Hakunipiga, hakunilaumu. Heri angefanya kimojawapo. Alijifuta uso kwa kiganja chote, na hapo mdogo wangu akachungulia mlangoni, mrefu kushinda Papa, akiuliza watu wanasubiri nini kula.

"Beba beseni ya kambo yako," Maman alimwambia.

"Ni ya Kambo?" aliuliza. Alikuwa amekulia kando ya beseni lile na hakuwahi kujua. Akaliinua kwa ile mikono yake mirefu, akatangulia. Maman akanishika kiwiko, akanisukuma mbele yake.

Tonton alikuwa anairudia hadithi kwa waliochelewa. Alikuwa ameshamfikisha fundi jikoni, kadi imeshatundikwa, na tayari alikuwa ameinua mkono kuonyesha namna bibi alivyoing'oa.

"Tonton, ngojea," nikasema. "Hapo si Kambo. Hapo ni miye."